Kona ya Faradji

Karanga ziligeuka manjano tena, na safari hii Djamila alifurahi. Aliona aibu kufurahia hasara, tena hasara ya nyumba aliyoolewa, lakini alifurahi. Aliinama juu ya shina moja lililodumaa, akafunua majani yake madogo yaliyobanana, akahakikisha kwamba ni ugonjwa uleule wa misimu iliyopita. Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akajiambia kwamba sasa watamwacha apumue.

Maana msimu huu mkono wake haukuwemo. Mama Aicha, mama mkwe wake, alikuwa ametupa mbegu zote za zamani. Hakutupa tu zile ambazo Djamila alikuja nazo kutoka Kabambare siku ya kuolewa, zimefungwa kwenye ncha ya kikwembe kama mama yake alivyofungiwa na bibi yake. Alitupa hata zake mwenyewe, kwa kuwa zilishalala chumba kimoja na za mkamwana. Akaagiza mbegu mpya kutoka Wamaza. Zililetwa kwa pikipiki, zikawekwa chini ya kitanda chake, na siku ya kupanda Djamila alipewa jembe tu: yeye achimbe mashimo, wengine wadondoshe punje. Alichimba tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kugusa hata moja. Wenzake walipokaa kutafuna karanga za kuchemsha, yeye alikula muhogo mkavu, asije akasingiziwa.

Sasa ushahidi ulikuwa umesimama shambani, peupe, kila mwenye macho auone. Alimwita mama mkwe wake.

Mama Aicha alikuja polepole. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa kuharakishwa na mtu. Aliyazunguka mashina yale, akavunja ncha ya moja, akainusa, akaitupa.

"Mbegu ni ya Wamaza, mama," Djamila alisema kwa adabu, ingawa ulimi ulikuwa unamuwasha. "Miye sikuigusa. Wote waliona."

"Waliona," alikubali Mama Aicha. Akafikiri kidogo. "Lakini mashimo njo ulichimba weye."

Hapo ndipo mtu mzima anapotamani kulala chini apige mateke kama mtoto aliyenyimwa ziwa. Djamila hakulala chini. Alisema, "Ndiyo, mama," akabeba jembe lake, akaenda kupalilia upande wa pili wa shamba, na kila pigo la jembe lilikuwa na jina la mtu.

Lusangi, alikoolewa, watu wanaamini mkono. Kuna mwanamke mwenye mkono mzuri, akidondosha punje inaota hata penye kokoto, na kuna mwenye mkono mbaya, ambaye hata mchicha unamkimbia. Djamila hakuwahi kuwa na mkono mbaya mpaka alipoolewa. Kwao Kabambare walikuwa wakimwita kwenye mashamba ya watu aje awafungulie msimu. Lakini msimu wake wa kwanza Lusangi ndio karanga za Mama Aicha zilipodumaa kwa mara ya kwanza, uliofuata zikazidi, na uliofuata huo majirani wakaacha kunong'ona wakaanza kusema kwa sauti. Hata yeye mwenyewe, akijiweka mahali pao, alishindwa kuwalaumu sana. Kabla hajaja, karanga nzima. Alipokuja, karanga gonjwa. Juu ya hayo hakuwa ameshika mimba, jambo ambalo halina uhusiano wowote na karanga, lakini watu wakishaamua kukuangushia jumba bovu hawaachi hata tofali moja nje.

Mzee Ayoubu, mdogo wake marehemu baba mkwe, mwenye duka la vitambaa mjini Kasongo, alikuwa ameshatuma neno: kiangazi kikifika atakuja Lusangi, familia iketi. Hakuna aliyehitaji kuuliza iketi kwa ajili gani. Djamila angerudishwa kwao. Na mume wake, Iliasi, ambaye neno lake moja lingetosha kumaliza habari, alikuwa Salamabila anachimba dhahabu. Iliasi alikuwa mtu mwema sana kwa mbali. Kila Djamila alipopanda kilimani, mahali pekee ambapo simu inashika rezo, alimwambia yaleyale: "Vumilia kidogo, niko nakuja." Alikuwa yuko anakuja tangu mvua za mwaka jana.

Lililomkera Djamila kuliko yote ni kwamba Mama Aicha hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamchukia, unalala usingizi wako. Mama huyu alimpikia uji alipougua, alimfundisha kupika samaki wa moshi kwa majani ya Lusangi, na alikuwa amebeba msiba ambao haukuwa na mahali pa kuuweka. Mtoto wake wa kwanza, Faradji, kaka yake Iliasi, alifukiwa na shimo la dhahabu huko Salamabila mwaka mmoja kabla ya harusi. Hawakumtoa. Waliswali swala ya ghaibu, hakuna jeneza, hakuna kaburi, na mama akarudi nyumbani akiwa hana hata lundo la udongo la kukaa kando yake. Msimu ule alipovuna, aliacha kona ya chini ya shamba bila kuichimba, kule kando ya kijito ambako njia ya Kabambare inapita. Akatangaza mbele ya watu: "Hii ni sadaka ya Faradji. Mupita njia yeyote achimbe anavyotaka, amuombee."

Tangu siku hiyo jembe halikuingia pale. Wapita njia walichimba konzi moja, wakasema Mungu amrehemu Faradji, wakaendelea na safari. Zilizobaki zilijiotea zenyewe, msimu juu ya msimu, na kwa kuwa kijito kile hakikauki, kona ilibaki na kijani chake hata katikati ya kiangazi, shamba lote likiwa vumbi. Ugonjwa ulipoanza, nayo iliugua, na watu wakapunguza kuchimba, basi ikazidi kujaa. Jioni Mama Aicha alishuka kwenda kuketi pale na tasbihi yake, na hakuna aliyemfuata.

Mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha akaja agronomu, mtaalamu wa kilimo. Jina lake Yves, kijana mpole mwenye pikipiki ya shirika na kofia iliyomzidi kichwa. Wanawake walikusanyika shambani mwa Mama Aicha, kwa kuwa ndilo lililoharibika kuliko yote. Yves alivunja ncha ya karanga, akaigeuza, akawaonyesha vidudu vyeusi vilivyojazana chini ya majani kama ufuta uliomwagika.

"Vidukari hawa," alisema. "Hawa ni mupagazi tu. Ugonjwa ni ile mizigo wanabeba. Na haiko ugonjwa moja, wamama. Ni virusi tatu zinasafiri pamoja."

Wanawake wakasogea. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe Djamila alisikia mtu anazungumza habari za karanga bila kumtazama yeye, akatamani ukulima wote uwe hivyo.

"Wa kwanza iko na nguo," Yves aliendelea. Alikuwa anaonyesha kwa vidole. "Akikaa peke yake mu karanga, karanga haisikii sana. Wa pili anajua kuzaa, lakini hana nguo, na bila nguo kidukari hawezi kumubeba. Wa tatu ni mudogo kabisa. Huyu hana nguo, tena hajui kuzaa. Mumuache peke yake, ni kama hayuko. Lakini wa pili akizaa, anamuzalisha na yeye. Wa kwanza akishona nguo, anawavika wote. Basi wanapanda pamoja juu ya kidukari, wanaenda shamba ingine. Na sasa musikie: ule mudogo, ule asiye na kitu, njo anafanya majani inageuka manjano na karanga inakataa kukomaa."

Yalikuwa maelezo mazuri. Djamila aliyashika yote pale pale, kwa sababu alikuwa na njaa nayo. Tatizo ni kwamba Mama Aicha naye aliyashika.

"Kumbe," alisema Mama Aicha taratibu. "Mudogo asiye na kitu. Anaingia nyumba ya watu, anavaa nguo yao, anakula kwa mugongo yao. Halafu yeye njo anaharibu."

"Njo vile, mama," Yves alisema kwa furaha ya mwalimu aliyeeleweka.

"Basi tulikuwa tumekwisha kumujua."

Hakuna aliyecheka. Macho yote yalimgeukia Djamila, yakamkuta amesimama na kikwembe ambacho, kwa bahati yake mbaya, alinunuliwa na mama mkwe. Yves alikuwa mgeni, hakujua lililotokea. Aliwatazama, akamtazama Djamila, akasema, "Hapana, wamama, mimi nasema virusi," lakini wanawake walikuwa wameshaanza kuzungumza wao kwa wao, na radi ilikuwa inanguruma upande wa mto. Akakumbuka kwamba mto ukijaa hatavuka. Akavaa kofia yake.

Djamila alimkimbilia mpaka kwenye pikipiki.

"Bwana agronomu. Na mbegu? Mbegu njo inaleta?"

"Hapana, mbegu haina kosa. Hata ukitoa punje mu mumea mugonjwa, ukiipanda mbali na wagonjwa, inatoka muzima."

"Na mukono ya mutu?"

Yves alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Mukono haiko na kazi pale, mama. Ile virusi inakaa tu mu mumea mubichi. Sasa mutafute: kiangazi, wakati karanga yote imekauka, wapi inabakia kijani? Pale njo inalala. Mukiing'oa yote, vidukari hawatapata kitu ya kubeba, na ule mudogo anakufa na wenzake."

Djamila alijua papo hapo. Hakuhitaji kutafuta. Alishika kiti cha pikipiki, asiondoke.

"Kwa nini haukuisema kule, mbele ya wote?"

"Nilikuwa nafika pale, mama yule akanikata," Yves alisema huku anapiga pikipiki mateke iwake. "Nitarudi juma lijalo, nitamalizia."

Hakurudi. Baadaye ilisemekana shirika limemhamishia kwingine, na Djamila akabaki na nusu ya somo ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Nusu ile nyingine, ya mdogo asiye na kitu, ilienea kijijini kote bila kuhitaji pikipiki. Sokoni wakaanza kumwita Wa Tatu. "Wa Tatu, hujambo? Wa Tatu, chumvi ni hii." Walisema kwa utani, na utani ule ulimkata maini, kwa sababu huwezi kugombana na mtu anayekutania.

Alipanda kilimani, akampigia Iliasi. Alianza mbali, akazunguka, akamweleza vidukari, nguo, wa kwanza na wa pili. Mwishowe ikabidi aseme.

"Iliasi, ni ile kona ya chini. Ya Faradji. Njo inalisha ugonjwa."

Upande wa pili alisikia mashine za kusagia mawe, na watu wakipigiana kelele.

"Djamila," alisema Iliasi. "Usimuguse kaka yangu."

"Simugusi Faradji. Nasema karanga."

"Vumilia. Niko nakuja." Rezo ikakata, au yeye akakata, Djamila hakutaka kujua ni ipi.

Alishuka kilima akiwa amejaa hasira hadi utosini. Alikuwa na ukweli mkononi na ukweli wenyewe haushikiki. Mtaalamu akisema ni elimu. Mkamwana akisema ni matusi kwa marehemu. Ili yeye asafishwe ilibidi amwambie mama aliyefiwa kwamba sadaka ya mwanawe ndiyo inayoua shamba. Alipanga maneno kwa majuma kadhaa, akayapangua. Alijaribu siku moja, wakiwa wanachambua sombe, yale majani ya muhogo, akasema, "Mama, ile kona ya chini..." na Mama Aicha akainua uso, uso ambao ghafla ulikuwa laini na umefunguka kama wa msichana, akiuliza, "Ndiyo? Kuna mutu amechimba leo?" Djamila akasema amemwona mtu mmoja wa Wamaza amechimba. Ulikuwa uongo. Usiku hakupata usingizi kwa kujichukia.

Kiangazi kikaja, karanga zilizovunwa zikajaa kitunga kimoja na makapi yake, na Mzee Ayoubu akafika kutoka Kasongo akiwa na kofia safi na zawadi ya sabuni. Waliketi barazani. Alizungumza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Mutoto yetu, hakuna mutu anakuchukia hapa," alisema. "Tunasema tu, uende kwa mama yako kidogo, upumuzike. Iliasi akirudi tutaangalia. Hata agronomu mwenyewe, mutu wa masomo, alisema iko kitu moja imeingia inategemea wengine."

"Hakusema vile, baba mudogo."

"Ninasema vile nilisikia."

Basi maneno aliyoyameza tangu mvua yakatoka yote kwa pamoja. Alisema kwamba ugonjwa unalala kwenye karanga zinazobaki kijani kiangazi. Alisema shamba lote sasa ni vumbi na wote wanaliona kutoka pale walipoketi, na kwamba kuna mahali pamoja tu penye kijani. Hakupataja. Hakukuwa na haja, kwa kuwa kijani chenyewe kilionekana kule chini, kando ya kijito, na wote wakakitazama.

Mama Aicha alikuwa wa mwisho kuondoa macho pale. Kisha akasema, bila kupaza sauti:

"Faradji hakuzikwa. Sasa unataka nimung'oe."

"Hapana, mama."

"Kwa jembe."

"Mama, sikusema..."

"Umesema," Mzee Ayoubu alimaliza, na upole ulikuwa umemwisha. "Kesho kutwa motari atakuja."

Djamila aliingia ndani kufunga mizigo. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Angekuwa ana kosa angeomba radhi, akapiga magoti, akasamehewa. Mtu asiye na kosa hana hata cha kuombea radhi.

Motari aliyekuja na pikipiki kumbeba aliitwa Plamedi, mtu wa maneno mengi, aliyefunga sanduku kwa mipira huku akilalamikia barabara. Mama Aicha hakutoka nje kuaga. Pikipiki ilizunguka shamba, ikashuka kuelekea kijito, na ilipofika kwenye kona Djamila alimgonga Plamedi begani.

"Simama kidogo."

"Tumetoka sasa hivi, mama. Umesahau kitu?"

Djamila alishuka, akatazama mashina yale, manjano kwa kijani, yamefumana, na vidukari vyeusi vimeketi kwenye kila ncha kwa raha zao. Juzi barazani alikuwa mkamwana, na mkamwana hakuwa na ruhusa ya kugusa hapo. Leo mizigo yake ilikuwa juu ya pikipiki. Hakuwa mtu wa nyumba ile tena. Alikuwa njiani, anakwenda Kabambare, na sadaka hii ilitolewa mbele ya watu kwa ajili ya mtu wa njiani.

Alipiga magoti, akashika shina la kwanza, akaling'oa. "Mungu amrehemu Faradji," alisema. Akatikisa udongo, akachuma maganda mawili matatu yaliyokuwapo, akayatia kwenye kitunga chake, akalilaza shina juani katikati ya njia, mizizi juu. Akashika la pili. "Mungu amrehemu Faradji."

Plamedi alianza kwa kuuliza, akaendelea kwa kuguna, akaishia kukaa kivulini. Djamila aling'oa mpaka kucha zikajaa udongo mweusi. Mwanzoni alisema dua ile kwa meno yaliyobanana, ili tu sheria itimie. Kisha, mahali fulani katikati ya kona, aligundua kwamba anamwombea kweli, huyu shemeji ambaye hakumwona hata siku moja, aliyelala Salamabila chini ya mlima mzima wa udongo wa watu.

Alipoinua macho, Mama Aicha alikuwa amesimama juu ya tuta.

"Unafanya nini?"

"Nachimba, mama. Niko mupita njia."

"Yote?"

"Ulisema achimbe anavyotaka."

Lilikuwa neno la Mama Aicha mwenyewe, alilitoa kwa Mungu, mashahidi walikuwapo. Alisimama pale kwa muda mrefu kuliko Djamila alivyoweza kumtazama. Kisha akaketi chini palepale kwenye tuta, tasbihi mkononi, na kila Djamila aliposema Mungu amrehemu Faradji, midomo ya mama ilitikisika pamoja naye. Hakumsaidia, wala hakumzuia. Shina la mwisho lilipolazwa njiani, Djamila alijitwisha kitunga chake, nusu ya kitunga, akapanda pikipiki. Hawakuagana.

Kabambare mama yake, Mama Rehema, alimpokea bila maswali mengi, jambo ambalo lilimuumiza kama maswali. Mvua za kwanza zilipoanguka alipanda karanga za Faradji kwenye kipande cha shamba la mama yake, peke yake, kwa mkono wake, kila punje. Zilitoka kijani. Alikwenda kila asubuhi kufunua majani, akitafuta jani moja la manjano, na hakuliona. Huu ulikuwa ushahidi wa pili maishani mwake, mzuri kuliko ule wa kwanza, na hapakuwa na hakimu wa kuuonyesha. Alimwita mama yake aje aone. Mama Rehema alitazama, akasema, "Karanga ni karanga," akarudi jikoni.

Habari za Lusangi zilikuja na wachuuzi waliokuwa wakipita na mafuta ya mawese. Mwanamke mmoja aliyemjua alimshika mkono kwa furaha.

"Umesikia? Karanga ya kwa mama mukwe wako imepona yote. Haijapata kuwa vile. Wanasema tangu tu ulitoka, vuu, kijani."

Mwanamke yule alisema kwa nia njema; alidhani analeta habari ya nyumbani. Djamila alimshukuru, akanunua mafuta ambayo hakuyahitaji, akaenda kuketi nyuma ya nyumba. Sasa ndipo alipoona alichojifanyia. Aling'oa kona na kuondoka siku ileile. Aliponya shamba, na kwa kuliponya akapigilia msumari kwenye kesi yake mwenyewe. Alipokuja, karanga gonjwa. Alipoondoka, karanga nzima. Nani angehitaji ushahidi zaidi ya huo? Wa Tatu ameondoka, na ugonjwa umeondoka naye. Alicheka peke yake, kicheko kibaya, mpaka mama yake akachungulia.

Iliasi alipiga simu, akaanza, "Mama anasema karanga iko muzuri, na watu wanasema..." Hakumaliza, kwa sababu Djamila alikata. Hakusingizia rezo.

Halafu, mchana mmoja wa jua kali, ikaja simu ya namba asiyoijua. Alisikia upepo kwanza, upepo wa juu ya kilima, na mtu anayehema.

"Ni miye," ilisema sauti ya Mama Aicha.

Djamila alisimama, kama vile mwenye simu yuko mlangoni. "Shikamoo, mama. Umepanda kilima na jua hii?"

"Nimepanda." Pumzi zikatulia kidogo. "Karanga imetoka muzuri huku."

"Nilisikia."

"Watu wanasema ni sababu ulitoka."

"Nilisikia na ile, mama."

Upepo ukavuma kwenye simu. Djamila alingoja. Alikuwa amechoka kujitetea, akaona kwamba safari hii hatafungua kinywa hata akiambiwa ndiye aliyeangusha shimo la Salamabila.

"Zile ulichimba siku ile," Mama Aicha aliuliza, "uliifanya nini? Uliikula?"

"Hapana. Niliipanda."

"Mukono ya nani iliipanda?"

"Yangu. Yangu peke yake."

"Inatoka namna gani?"

"Kijani, mama. Yote. Sijaona hata jani moja ya manjano."

Djamila alidhani rezo imekwenda. Kisha akasikia tasbihi, punje zikigongana, taratibu, moja baada ya nyingine. Mama mkwe alikuwa anafikiri. Mbegu ileile ya kona. Mkono uleule. Na kijani.

"Iko na maua?" Mama Aicha aliuliza, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Iko nayo. Imeanza juma hii."

"Ya Faradji."

"Ya Faradji, mama."

Djamila alimsikia akivuta pumzi, akiimeza, akivuta nyingine. Mtu mwingine kule kilimani, labda mwenye simu, alisema kitu kuhusu kukata. Mama Aicha akamwambia angoje.

"Nisikie muzuri," alisema. "Ikikomaa, chimba yote. Usiache hata moja mu udongo, unasikia? Hata moja. Uikaushe, halafu uilete huku nyumbani. Mupita njia akija, tutamupa kwa mukono, hapa mulangoni, miye na weye."